Kucha Kumi na Nane za Simba wa Didia

Elimu yangu ya sheria niliipata kwenye mashine ya kopi. Nina kibanda cha steshenari Kahama, karibu na stendi: kuchapa, kutoa kopi, picha za pasipoti, kufunga ripoti kwa spiro. Nilisoma mpaka kidato cha nne, na matokeo yake siyatangazi. Lakini kila karatasi inayopita kwenye mashine yangu naisoma. Najua si vizuri. Mteja anakunywa soda akidhani nasubiri mashine ipate moto, kumbe nasubiri nimalize aya. Nimesoma talaka, mirathi, mikataba ya mashamba ya mpunga, na majibu ya hospitali ya watu ninaosalimiana nao kila asubuhi. Naomba radhi kwa wote.

Siku moja mwanamke mmoja aliniletea hukumu ya mume wake, akataka nakala tatu kwa ajili ya rufaa. Mume alikutwa na ngozi ya chui ndani ya gunia. Alijitetea kwamba aliirithi kwa baba yake, kwamba hakuua chui, kwamba hata kumwona chui hai hajawahi. Mahakama ilisema yote hayo yanaweza kuwa kweli. Hakushtakiwa kwa kuua. Alishtakiwa kwa kuwa nayo. Miaka aliyofungwa ilikuwa mingi kiasi kwamba niliurudia ule mstari nikidhani mchapaji amekosea tarakimu. Hakukosea.

Nilimpa yule mama nakala zake, nikafunga kibanda saa nane mchana, nikakaa nikimfikiria bibi yangu.

Bibi yangu mzaa baba anaishi Didia, na wakati huo chini ya kitanda chake, ndani ya gunia la pamba, alikuwa na simba.

Babu ndiye aliyemuua, kabla baba yangu hajazaliwa. Simba aliingia zizini mara tatu. Mara ya tatu babu alikuwa zizini pia. Zamani zile kwa Wasukuma mtu aliyeua simba hakurudi tu nyumbani akaoga. Alipakwa dawa, akavishwa ngozi ya simba wake, akatembezwa nyumba kwa nyumba akicheza, na kila nyumba ikamtuza: kuku, mbuzi, debe la mtama, ndama kwa mwenye uwezo. Babu alicheza kwa miezi miwili. Bibi, ambaye alikuwa ameolewa mwaka huohuo, anasema alirudi na mifugo mingi kuliko ile iliyoliwa, na kwa hiyo yeye binafsi hana ugomvi na yule simba.

Mimi sijawahi kumwona simba hai. Upande wetu hawapo tena, wamebaki hifadhini, na huko sijawahi kufika. Utotoni, tukienda Didia likizo, tulifunguliwa gunia mara moja kwa mwaka tuguse manyoya, kisha tukaambiwa tukanawe.

Baada ya ile hukumu niliitafuta Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori kwenye mtandao, nikaichapa yote, nikaifunga kwa spiro, nikaisoma na kalamu mkononi. Niligundua kwamba ngozi, jino, mfupa na ukucha wa simba vyote ni nyara za Serikali. Yaani kwa miaka yote hiyo Serikali ilikuwa chini ya kitanda cha bibi yangu, na bibi alikuwa akiifagilia. Mtu anayejikuta na nyara anatakiwa atoe taarifa. Sikuona mahali panapomzungumzia mtu aliyeipata kwa kuolewa.

Bibi ana miaka themanini na kitu. Nilijumlisha umri wake na kile kifungo cha yule mtu wa chui. Nikajumlisha tena.

Sasa niseme jambo linalonihusu, maana bila hilo yaliyofuata hayaeleweki. Mimi siwezi kuacha kitu kikiwa na kasoro. Nikikuta nimekosea herufi moja kwenye barua ya mteja ambaye ameshaondoka, naweza kumfuata mpaka stendi. Nimewahi kusimamisha basi la Tabora kwa sababu ya koma. Watu wanaona ni bidii. Si bidii, ni woga uliovaa nguo safi.

Niliandika rasimu kumi na moja za barua ya kusalimisha ngozi. YAH: KUSALIMISHA NYARA YA SERIKALI KWA HIARI. Nilieleza historia, umri wa bibi, na kwamba hakuna aliyewahi kuuza chochote. Ilipofika sehemu ya maelezo ya nyara nikakwama, kwa sababu nilikuwa Kahama na ngozi ilikuwa Didia. Mtu wa kawaida angeandika "ngozi moja ya zamani." Mimi niliona ni uvivu. Nikasoma kuhusu simba usiku na mchana, nikajifunza kwamba miguu ya mbele ina kucha tano tano na ya nyuma nne nne. Nikaandika: "Ngozi moja (1) ya simba dume, yenye miguu yote minne (4) na kucha zote kumi na nane (18)."

Niliiona ile sentensi nzuri sana.

Afisa wanyamapori wa wilaya alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya kuchoka. Aliisoma barua yote, jambo ambalo watu wa ofisini hawalifanyi, akagonga mhuri wa kupokelewa, akasema, "Barua nzuri hii."

Neno hilo niliishi nalo siku tatu zilizofuata.

Hapohapo akaendelea, "Nisikilize, binti. Mtu anayekuja mwenyewe, na mzee kama huyu, naweza kumwandikia onyo tukamaliza. Nitakuja Alhamisi ya wiki ijayo kuichukua. Lakini nikifika nikute kila kitu kama ulivyoandika hapa. Kikipungua, maana yake kimeuzwa. Kikiuzwa, hili faili linatoka mezani kwangu linakwenda polisi, na huko mimi sina sauti."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Nikapanda basi kwenda Didia kumweleza bibi, kwa sababu mpaka hapo, na hili naliungama, nilikuwa sijamwambia.

Nilimkuta uani akianika michembe kwenye mkeka. Nikamwamkia.

"Marahaba. Mbona umekuja siku isiyo na msiba?"

Nikamweleza yote: hukumu, sheria, barua, Alhamisi. Alisikiliza huku akigeuza vipande vya viazi kimoja kimoja.

"Wanampeleka wapi?"

"Kwenye ghala la Serikali, bibi."

"Lina panya?"

"Sijui."

"Ungeuliza. Unauliza vitu vingi, hicho hukuuliza." Akageuza kipande kingine. "Haya, aende. Hata mimi nimechoka kumnyunyizia dawa ya mende. Ila lazima niwaambie wenyewe."

"Wenyewe gani?"

"Waliotuza. Babu yako alicheza kwenye nyumba zao, wakatoa. Simba si wangu peke yangu. Huwezi kutoa kitu cha mtu bila kumwambia."

Nikamweleza kwamba kwa macho ya sheria, kila atakayemwambia anageuka shahidi kwamba ngozi ilikuwa kwake miaka yote hiyo.

"Ndiyo," alisema. "Ndiyo maana naenda kuwaambia."

Nilipoona simwezi, nikaomba angalau tulitoe gunia nihakikishe hali ya nyara. Tuliitandaza ngozi kwenye mkeka, pembeni ya michembe. Ilikuwa imenyauka, manyoya yametoka kwa mabaka kama kichwa cha mtoto mwenye mashilingi, yale madoa ya fangasi, na masikio yameliwa na wadudu. Nikapiga magoti nikahesabu kucha. Kumi na saba. Nikahesabu kuanzia mguu mwingine. Kumi na saba. Kwenye mguu wa mbele wa kulia, kidole cha pili, palikuwa na tundu tu.

"Bibi, ukucha mmoja uko wapi?"

"Anao kaka yako. Alipokuwa anaota meno alilia mwezi mzima, babu yako akautoa akamfunga kiunoni. Akanyamaza."

Kaka anayemsema ni mtoto wa baba yangu mkubwa. Nimemzidi shule kwa miaka minne, yeye amenizidi kila kitu kingine. Anachimba dhahabu nje kidogo ya Katoro.

Kwa hiyo nilikuwa na barua yenye mhuri wa Serikali inayosema kumi na nane, na ngozi inayosema kumi na saba, na mwandishi wa barua alikuwa mimi. Kama ningeandika "ngozi moja ya zamani" bibi angekuwa salama. Nilimweka hatarini kwa ajili ya tarakimu iliyokaa vizuri kwenye mabano.

Kabla sijaondoka Didia alikuja mtu na pikipiki, nadhifu, hatumjui. Alisema amesikia kuna "bidhaa." Hapo bibi alikuwa ameshapita nyumba sita tu. Ile kesi ya chui ilianza hivyohivyo, na mnunuzi nadhifu aliyegeuka kuwa askari, kwa hiyo mimi nilikwenda kusimama mlangoni. Bibi alimkaribisha kiti.

"Umechelewa, baba," alimwambia. "Simba ana miadi na Serikali Alhamisi. Kama unamtaka, njoo siku hiyo mgombanie hapa hapa, mimi nitaweka mkeka."

Yule mtu aliondoka bila hata kunywa maji. Mpaka leo sijui alikuwa mnunuzi au askari. Bibi anasema inategemea viatu, na hakuviangalia.

Kesho yake nilikwenda Katoro. Kwenye duara lao, yaani shimo la dhahabu, mwanamke haruhusiwi kusogea, ni masharti ya mganga wao, kwa hiyo nilimsubiri kwenye banda la mama lishe. Alikuja saa saba, mwili wote rangi moja na udongo, meno tu ndiyo yanaonekana.

"Wakili wa mashine ya kopi!" alipiga kelele. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Basi umeacha kazi. Mama, mpe wali maharage huyu, amekonda kwa kusoma karatasi za watu."

Nikamweleza. Alikula wakati wote nikieleza, na alipomaliza akanawa, akanyanyua fulana kidogo. Ukucha ulikuwa kiunoni, kwenye kamba ya viatu, mweusi, umepasuka ubavuni. Nilitoa mkono. Akashusha fulana.

"Siku duara letu lilipoporomoka tulikuwa wanne chini," alisema. "Unakumbuka?"

Nilikumbuka. Tulikaa siku mbili tukisikiliza redio.

"Nilitoka mimi peke yangu. Nilikuwa nimeushika hivi." Akafumba ngumi. "Sasa nikikupa, kesho utashuka wewe?"

"Kaka, ni bibi. Wanaweza kumfunga."

"Anayemfungisha bibi ni nani? Si wewe uliyepeleka barua? Mbona mimi ninao miaka ishirini na saba na Serikali haijaniuliza?"

Alinitazama, akaona nakaribia kulia mbele ya watu, akalegea.

"Sikia. Pale kwenye karasha, wanaposaga mawe, kuna mzee anachonga kucha kwa pembe ya ng'ombe. Apolo, wachimbaji wenzangu, wengi wanashuka nazo. Hakuna aliyerudi kulalamika."

"Wanaorudi wana la kulalamikia nini?" alisema mama lishe akikusanya sahani. "Na wasiorudi watalalamika wapi?"

Ningeweza kukataa. Kitabu changu cha spiro kilikuwa ndani ya begi. Nilikwenda kwa yule mzee nikachagua ukucha, na nilikaa muda mrefu nikichagua, nikiulinganisha na picha za simba kwenye simu mpaka akauliza kama mimi nanunua au nakagua.

Siku nne zilizofuata sikuchapa hata barua moja. Nilifunga kibanda nikaukalia ule ukucha. Nikaupiga msasa, nikauchemsha kwenye majani ya chai, nikaupaka kiwi ya kahawia, nikaufuta, nikaupaka tena. Ncha yake niliinoa mpaka ikanichoma. Nilijua ninachofanya: kumdanganya mtu aliyesema barua yangu ni nzuri. Lakini sikuwa na majuto siku zile. Nilikuwa na furaha ya fundi, na hilo ndilo linalonitia aibu zaidi ya kosa lenyewe.

Jumatano nilirudi Didia nikaubandika kwa gundi kwenye kidole cha pili cha mguu wa kulia. Nikahesabu. Kumi na nane.

Alhamisi asubuhi uwanja wa bibi ulijaa. Nilidhani wangekuja wazee watano wenye kumbukumbu. Walikuja waliotuza, watoto wa waliotuza, na mmoja ambaye marehemu mama yake aliwahi kuahidi kuku lakini hakumtoa, naye alikuja na kuku. Walikaa kwenye mikeka, wanawake huku, wanaume kule, wakila matobolwa ya viazi. Ukiitazama kisheria, ilikuwa orodha ya mashahidi wa upande wa mashtaka, imekaa kivulini inakunywa chai.

Afisa alifika na dereva. Alisimama mlangoni mwa uwanja kwa muda.

"Binti, hawa ni nani?"

"Ni majirani."

"Ni wenye simba," bibi alimsahihisha. "Mwangaluka, baba. Karibu kiti."

Afisa si mtu wa kwetu, lakini ana adabu. Aliwaamkia wazee shikamoo mmoja mmoja, na kwa kuwa walikuwa wengi ilichukua muda. Bibi akasema simba aliingia kwa ngoma na hawezi kutoka kama gunia la mkaa. Basi mzee mmoja, jirani wa upande wa bwawani, akavishwa ngozi mabegani. Babu alipopita na simba nyumbani kwao, huyu alikuwa mtoto wa kuchunga ndama. Akina mama wakapiga vigelegele, yule mzee akacheza hatua kama saba hivi, goti likagoma, wakamshika. Wakaishusha ngozi kwenye mkeka mbele ya afisa. Hapakuwa na aliyecheka. Wengine walikuwa wanafuta macho, na mimi nilikuwa natazama mguu wa mbele wa kulia, nikiogopa gundi.

Afisa alivaa glavu. Akatoa barua yangu kwenye faili, akapiga magoti, akaanza kuhesabu kwa kugusa. Alifika kumi na nane. Nikapumua. Kisha akarudi nyuma, akashika ukucha wangu, akauzungusha. Ukabaki mkononi mwake.

"Huyu ni ng'ombe," alisema.



"Umejuaje?" nilimuuliza. Si swali ambalo mtu mwenye akili huuliza hapo, lakini ndilo lililotoka.

"Hizi kumi na saba zimepasuka, zina ukungu, nyingine zimeliwa. Simba huyu ameua, amechimba, amekaa kwenye gunia miaka. Huu ndio pekee unaofanana na ukucha wa simba wa kwenye kitabu. Nani kautengeneza?"

"Mimi."

"Umeweka nini?"

"Majani ya chai. Na kiwi."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa maelekezo ya mapishi. "Ng'ombe hayumo kwenye sheria yangu. Chukua pembe yako. Mimi nauliza wa kumi na nane uko wapi. Maana nimeona wa bandia, na mtu haweki bandia mahali pa kitu ambacho hakijaenda popote."

Nilifungua mdomo. Nilikuwa na majibu mawili. La kwanza lilikuwa la kweli na lingempeleka askari Katoro kwa kaka yangu. La pili lilikuwa kunyamaza, na lingempeleka bibi polisi. Nimejaribu mara nyingi kukumbuka ni lipi lilikuwa linakuja. Ningependa kuandika kwamba nilikuwa nimeamua. Sikuwa nimeamua.

"Amezikwa nao," alisema bibi.

Afisa akageuka.

"Mume wangu. Aliyeua simba hazikwi mikono mitupu. Tulimpa ukucha mmoja. Huyu mtoto hakuwepo, alikuwa na mtihani, ndiyo maana hajui, na kwa kuwa hajui akaogopa, na kwa kuogopa akachonga pembe. Ndivyo alivyo. Hata akiwa mdogo alikuwa akivunja kikombe ananunua kipya anakichora ufa uleule."

Kuhusu kikombe ni kweli.

Afisa akawatazama waliokaa kwenye mikeka. "Mlikuwepo?"

"Wote," alisema yule mzee wa goti, akiwa bado anahema. "Mimi ndiye niliyeuweka kiganjani. Mkono wa kulia."

"Kushoto," alisema mama mmoja kutoka upande wa wanawake.

"Kulia, wewe mama, mimi ndiye niliyeuweka!"

"Kulia alikuwa na kidonda, mkono umefungwa kitambaa. Ungeuweka wapi? Kushoto."

"Walimbadilishia upande," alisema mwenye kuku. "Nilikuwepo walipombadilishia."

Wakabishana kwa Kisukuma mpaka bibi akawanyamazisha. Mimi nilikuwepo kwenye mazishi ya babu. Hapakuwa na mtihani. Nilisimama karibu ya kutosha kuiona mikono yake, na ilikuwa mitupu, yote miwili. Nikawatazama wale wazee, watu wa kanisani, wengine wanaonifundisha kutosema uongo tangu nimeanza kutambaa, wakiweka ukucha kwenye kiganja cha marehemu kwa pamoja, kama watu wanaobeba mzigo mmoja. Walikuwa wametuza tena.

"Kaburi ni lile pale," bibi alimwambia afisa. "Na jembe liko nyuma ya mlango. Sisi ni wazee, dereva wako atachimba."

Dereva akatazama pembeni. Afisa alilitazama kaburi, lililojengewa vizuri kwa saruji, lina msalaba. Akatazama uwanja mzima. Nadhani alijua. Nadhani pia alikuwa anafikiria ni fomu gani inayotumika kufukua kaburi la mtu kwa ajili ya ukucha, mbele ya ukoo na majirani, Alhamisi mchana.

"Sina kibali cha kufukua," alisema mwishowe. Akanipa barua yangu na kalamu. "Sahihisha."

"Nina kompyuta ndogo kwenye begi. Nikifika Didia senta nitapata pa kuchapa, nusu saa tu nakuletea nakala safi."

"Barua safi ninayo moja tayari. Imenileta mpaka hapa. Kata kwa kalamu, andika juu yake, weka saini pembeni."

Nilikata kumi na nane, nikaandika kumi na saba. Chini yake nikaongeza: "Ukucha mmoja (1) ulizikwa pamoja na marehemu." Mstari ukapanda juu kama njia ya mbuzi. Bibi akaweka dole gumba. Afisa akaandika onyo lake, akalisoma kwa sauti, akamweleza bibi kwamba jambo limeisha na hakuna atakayekuja kumsumbua. Bibi akauliza kuhusu panya. Afisa akasema ghala lina paka.

Ngozi ilipakiwa nyuma ya gari, juu ya tairi la akiba. Bibi aliisindikiza mpaka barabarani kwa miguu, gari likienda taratibu mbele yake. Aliporudi alikula vizuri, akalala kidogo. Jioni alinieleza kwamba chini ya kitanda sasa patakaa dengu.

Ningeweza kuishia hapo, lakini barua ile ilikuwa na mstari wa uongo, kwa mwandiko wangu, ndani ya faili la Serikali. Sikuweza kufanya kazi. Nilimpigia kaka nikamweleza kwamba kwa mujibu wa Serikali ukucha ulioko kiunoni mwake umezikwa Didia, na akikamatwa nao, bibi na kijiji kizima watakuwa wamedanganya.

Alicheka mpaka salio langu likaisha.

Alikuja Didia mvua zilipoanza, nami nikiwa huko, maduara yalipojaa maji na wachimbaji wakarudi makwao kulima. Alichukua panga, akachimba pembeni mwa saruji ya kaburi la babu, upande wa mkono wa kushoto, akaufungua ule ukucha kwenye kamba na kuufukia. Bibi alikuwa barazani akibangua karanga, akijifanya hatuoni. Mimi nilisimama na mwavuli, nikiangalia kama kina kinatosha.

"Ongeza kidogo," nilimwambia.

"Mdogo wangu, nyamaza."

Barua sasa ni sahihi, ukiacha tarehe. Nilimpa kaka ule ukucha wa pembe, akaurudisha. Alisema yeye si mtoto wa kudanganywa na kiwi. Mvua zilipokwisha alirudi Katoro, na anashuka chini hana kitu kiunoni. Huwa nampigia saa kumi na moja jioni, zamu yake inapopanda. Akipokea sina la kumwambia, kwa hiyo namuuliza kama kwao kumenyesha. Ananijibu kwamba ni kiangazi.